Unaposema "Inshallah", unamaanisha nini hasa?

Umewahi kumwambia rafiki, "Kesho saa kumi tupatane pale nje ya Fort Jesus," naye akakujibu, "Inshallah"? Sema ukweli: ulitarajia aje? Kama wewe ni mtoto wa Mombasa, moyo ulikwambia pale pale kwamba huyo haji.

Hapo ndipo tulipofika. Fundi cherehani akikwambia nguo itakuwa tayari Ijumaa inshallah, unaanza kuhesabu Ijumaa ya wiki ile nyingine. Unayemdai akisema atatuma pesa kwa M-Pesa jioni inshallah, unaweka simu chini na kulala. Neno ambalo wazee wetu walilitamka kwa heshima tumeligeuza kuwa "hapana" yenye adabu. Halafu lina upande wa pili. Kijana hajasoma, hajatuma barua ya kazi hata moja, saa tano asubuhi bado yuko kitandani. Ukimuuliza mipango vipi, jibu ni lile lile. Inshallah.

Leo nataka tulizungumzie neno hili, wewe na mimi, manake naona tunalihitaji kuliko tunavyodhani. Na naona tumelishika kwa upande usio wake.

Maana yake ni "Mungu akipenda". Waislamu wamelipata katika Kurani, Sura ya Al-Kahf, ambako muumini anakatazwa kusema kesho nitafanya jambo fulani bila kuongeza kwamba ni kwa kutaka kwake Mwenyezi Mungu. Wakristo nao wana onyo la namna hiyo katika Waraka wa Yakobo, kwa wafanyabiashara wanaopanga mji watakaokwenda na faida watakayopata, ilhali hawajui kesho italeta nini. Angalia vizuri hapo. Hakuna aliyeambiwa asipange. Wote hao wana mpango tayari, tena mpango wenye siku na mahali. Walichoambiwa ni wasijione wao ndio wenye kesho.

Kwa hivyo inshallah ni neno la mtu mwenye mpango. Kama huna mpango, unamwachia Mungu nini?

Wacha nikupe kisa changu. Mwanzoni mwa 2020 nilikuwa na mpango, na haukuwa mdogo. Nilikuwa nimepata kazi ya hoteli Doha kupitia kwa ajenti mmoja. Pasipoti ninayo, vipimo vya afya nimefanya, ada nimelipa. Sehemu ya pesa hizo ilitokana na vikuku viwili vya dhahabu vya mama yangu, vile alivyovishwa siku ya harusi yake. Alivipeleka kwa sonara mwenyewe, akarudi na bahasha, akanitia mkononi bila maneno mengi. Mimi hesabu nilikuwa nimeshapiga zote. Mwaka wa kwanza namnunulia mama vikuku vingine. Mwaka wa pili namalizia karo ya mdogo wangu. Mwaka wa tatu tunatengeneza paa la nyumba yetu ya Kibokoni, linalovuja kila masika. Safari ilikuwa iwe mwezi wa nne.

Tarehe 25 Machi, Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa. Siku mbili baadaye ikaja kafyu. Tarehe 8 Aprili Kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kisha tarehe 6 Mei, tukiwa katikati ya Ramadhani, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba Mji wa Kale nao unafungwa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, kwa siku 15. Siku hizo zilipokwisha, zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni.

Kama uliishi hapa, unakumbuka. Misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali sebuleni, baba imamu na watoto maamuma. Polisi wamesimama kwenye njia za kutokea. Vile vichochoro ambavyo jioni za Ramadhani havipitiki kwa wauza viazi karai, kaimati na sambusa, vikawa kimya hata unasikia paka wakitembea. Mabaraza yale ambayo wazee hukaa na kahawa yao chungu wakichambua siasa za dunia nzima, hayana mtu. Idi tuliswali nyumbani.

Mimi nilikaa dirishani, nimevimba kwa hasira. Simu ya ajenti ilianza kwa kunijibu "inshallah mambo yakifunguka", ikaishia kutojibu kabisa. Watu wazima wakinipigia wananiambia kila jambo lina sababu, huenda Mungu amenikinga na kitu. Nilikuwa naitikia "naam" kwa adabu, lakini moyoni nasema: kama ni kunikinga, si angenikinga kabla mama hajauza vikuku?

Jioni moja mama aliniona vile nilivyo. Hakunihubiria. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ulipanga safari, hukupanga maradhi. Sasa leo una kazi gani?" Nikamwambia sina. Akanipa sahani iliyofunikwa, nimpelekee futari bibi mmoja jirani yetu, mzee, ambaye watoto wake walikuwa wamefungiwa nje ya mji wasiweze kumfikia. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila magharibi. Siku ya tatu au ya nne bibi akanipa simu yake iliyogoma kuchaji. Nikaifungua, nikahangaika nayo, nikatazama video mpaka bando likaisha, ikawaka. Jirani mwingine akasikia, akaleta yake.

Najua unakotarajia nielekee sasa. Unangoja nikwambie kwamba leo nina duka kubwa la simu na kwamba hiyo ndiyo sababu Mungu alinizuilia Doha. Hapana. Ndege zilirudi tarehe 1 Agosti mwaka ule, kazi yangu haikurudi. Pesa ya ajenti haikurudi pia. Kweli natengeneza simu mpaka leo, kwenye meza ndogo ya kukodi, na kuna miezi naona faida na kuna miezi naona vumbi. Lakini siwezi kukwambia kwamba watu waliugua na kufa duniani kote ili mimi nijifunze kubadilisha kioo cha simu. Mimi si muhimu kiasi hicho, na sitaki kumsingizia Mungu hivyo.

Kwa nini mpango wangu ulivunjika, sijui. Nimeishi na hilo "sijui" miaka yote hii, na nimegundua kwamba kumwamini Mungu hakujanidai nijue. Kumenidai kitu kingine, kigumu zaidi: niamke kesho yake na kufanya la siku hiyo.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa vyombo pale Bandari ya Kale, na mama hupenda kutusimulia maisha ya wale manahodha. Enzi za majahazi ya matanga, biashara yote ya pwani hii ilitegemea pepo mbili. Kaskazi ilianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, ikawaleta wageni kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi wakiwa na tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu. Kusi ikishika, kuanzia kama Aprili, ndiyo iliyowarudisha makwao na shehena za boriti na bidhaa za huku. Kati ya pepo hizo mbili kulikuwa na majira ya upepo usioeleweka, yale wanayoita maleleji. Nahodha aliyechelewa akakosa upepo wake, basi amekosa. Angoje miezi. Hata awe na pesa na ujuzi kiasi gani, hawezi kuamuru kusi ivume mwezi wa Januari.

Sasa fikiria ule muda wa kungoja alikuwa anafanya nini. Hakulala akisema inshallah upepo utakuja. Chombo kilipandishwa ufuoni, maji yakipwa mabaharia wanakikwangua, wanakikalafati kwa kusindika pamba kwenye nyufa za mbao, wanakipaka deheni ya chokaa na mafuta. Tanga lililochanika linashonwa, kamba zinasokotwa upya. Upepo hakuwa nao, lakini tanga alikuwa nalo. Na aliyejua tofauti ya vitu hivyo viwili ndiye aliyefika.

Hiyo ndiyo inshallah ninayoitafuta mimi. Upepo wa Mungu, tanga langu. Waislamu mnakijua kile kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia bila kamba na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Ni maneno yale yale ya nahodha, tofauti ni mnyama na chombo.

Lakini kuna hatari hapa, na si vizuri niipite kimya kimya. Kuna watu wanaotumia upepo kuficha tundu la chombo.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikitoka upande wa bara kuja kisiwani. Watu 272 walikufa, wengi wao watu wa kawaida wakiwahi kazini asubuhi. Uliza wazee wa Mombasa, karibu kila mtaa una mtu aliyezika mtu. Feri ile ilikuwa imebeba abiria kupita kiwango chake. Sasa, aliyefiwa akisema "ni kudura ya Mungu", nyamaza, mshike mkono, ulie naye. Hilo ni neno lake, na ndilo linalomwezesha kusimama. Lakini mwenye jukumu la kuhesabu abiria akisema "ni kudura ya Mungu", huyo hajamtukuza Mungu. Huyo anajificha nyuma yake.

Ona tofauti hiyo, kisha itumie katika maisha yako. Ukifeli mtihani ambao hukuusoma, usimtaje Mungu upesi. Dereva wa tuktuk akikimbiza chombo kisicho na breki, ajali si majaliwa tu. Na mimi pia, nikijichunguza, sikumkagua yule ajenti vya kutosha. Sikuuliza kama amesajiliwa, sikudai mkataba kabla ya kulipa. Janga la corona sikulileta mimi. Pesa ya mama kupotea bila risiti ya maana, hapo mkono wangu upo. Nilichukua muda mrefu kukubali kugawanya lawama hivyo, lakini nilipokubali nilipumua.

Upande mwingine wapo wale wa siku hizi, ambao wamekwenda kinyume kabisa. Umewaona kwenye TikTok. "Kila kitu kiko mikononi mwako. Ukishindwa, hukutaka vya kutosha. Amka saa kumi alfajiri, andika malengo, dunia itakutii." Inatia moyo siku mbili tatu, kisha inakuchoma. Manake kama kila kitu kiko mikononi mwako, basi kila kilichoanguka ulikiangusha wewe. Umekosa kazi kwa sababu kampuni imefunga? Kosa lako. Mama ameugua, akiba yote imekwenda hospitali? Hukupanga vizuri. Huo ni mzigo ambao binadamu hakuumbiwa kuubeba, na naona vijana wenzangu wengi wanauvunjikia kimya kimya, wakitabasamu kwenye picha.

Ukitaka kujua mipango ya binadamu inavyozeeka, nenda pale pale Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa ramani ya mchoraji Mtaliano, kuta nene juu ya mwamba wa matumbawe, mizinga ikitazama mlango wa bahari. Walipanga kukaa. Mwaka 1696 Waomani wakaizingira, na mzingiro ule ukaendelea hadi Desemba 1698. Walioumaliza ule ulinzi ndani ya kuta hawakuwa Waomani peke yao, maradhi nayo yaliua wengi sana. Meli ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyokuja kuokoa, ilizama 1697 mbele ya ngome yenyewe, na mabaki yake yako chini ya maji hapo mpaka sasa. Waingereza nao walipokuja wakaifanya gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na wewe unaingia kwa tiketi kupiga picha na rafiki zako.

Kati ya wote hao waliopanga, yupi alipanga hilo? Hakuna. Lakini kuta bado zimesimama, kwa sababu waashi walizijenga vizuri. Wenye ngome wamebadilika mara kadhaa. Kazi nzuri ya mikono imebaki, ikamtumikia mtu ambaye mjenzi hakumjua.

Basi wewe na mimi tufanyeje? Sina mengi, nina matatu tu.

La kwanza, tuache kusema inshallah tunapomaanisha hapana. Kama hutaki kwenda, sema, "Ndugu yangu, kesho sitaweza." Atanuna dakika mbili, atakuheshimu miaka. Ukitumia jina la Mungu kukwepa miadi ya saa kumi, siku utakapolihitaji kweli utalikuta limechakaa mdomoni mwako.

La pili, ukisema inshallah, iwe umeshafunga ngamia. Barua ya kazi umeiandika, mtihani umeusoma, ajenti umemkagua, akiba hata ya shilingi hamsini umeweka. Wahenga wa pwani walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hawakusema mgaagaa na kitanda.

La tatu, mpango ukivunjika licha ya yote hayo, usijilazimishe kupata maana yake siku hiyo hiyo. Lia kama unataka kulia. Kasirika, Mungu ni mkubwa, hasira yako haimpunguzi. Na mtu akikuletea ufafanuzi wa haraka, mshukuru, usimgombe. Ila kesho yake jiulize lile swali la mama: leo una kazi gani? Jibu huwa dogo. Sahani ya kumpelekea jirani. Simu moja ya kufungua. Usilidharau, ndilo tanga ulilo nalo.

Vikuku vya mama? Mwaka jana nilimnunulia kimoja. Ni chembamba kuliko vile vyake, na alipokivaa alikigeuza geuza mkononi, akacheka, akasema mkono mmoja umeolewa tena. Akaniuliza cha pili lini. Nilimwambia, "Mwakani, mama, inshallah."

Akanitazama machoni, vile mtu wa Mombasa anavyotazama akisikia neno hilo. Nikaona nimweleze: kila Jumamosi naweka kitu kwa sonara, daftari liko pale, na aliende kuliangalia akitaka. Akatikisa kichwa taratibu. "Haya basi," akasema. "Inshallah."

Kwa hivyo kesho saa kumi, nje ya Fort Jesus. Nikijaliwa uhai na afya, nitakuwepo tangu saa kumi kasorobo.